Sauti Yangu na Sindano ya Ndanu

Jumanne, 2 Februari 2016

Ninaandika hapa kwa sababu kila ninachokiandika siku hizi nakiandika ili kimpendeze mtu. Maombi ya kazi. Barua pepe. Ujumbe wa kundini. Nahitaji mahali pamoja ambapo sina wa kumridhisha.

Basi la kampuni limetutoa kwenye malazi ya Muhaisnah, hapa Dubai, kabla ya jua, kama kila siku. Nimesimama mlangoni mwa jengo la mawakala wa mizigo, Deira, hadi jioni. Simu tunamkabidhi msimamizi asubuhi na kurudishiwa zamu inapokwisha, kwa hiyo mchana kutwa dunia yangu huwa ni mlango wa kioo na wachuuzi wenye maboksi. Shahada yangu ya afya ya jamii imo sandukuni, chini ya kitanda. Sikusomea milango.

Ndanu, binti yangu, anakaribia miezi tisa. Sijawahi kumshika. Nilipoondoka Machakos alikuwa bado tumboni mwa Mwende, na mimi na Mwende tulikuwa tumeoana majuzi tu. Mkataba ni wa miaka miwili. Bado kidogo nifike nusu ya safari.

Miezi tisa ndio wakati wa chanjo ya surua. Nimemkumbusha Mwende kwa maandishi. Amejibu: Sawa.

Neno moja. Nilitaka mengi zaidi.

Ijumaa, 5 Februari 2016

Ibada. Huku tunasali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Nilidhani ningezoea. Bado Jumapili ikifika mlangoni mwa Deira najihisi mtoro.

Baada ya ibada Bwana Kiprono alinisalimia. Ni mwenyekiti wa kundi letu la WhatsApp, Vijana wa Nyumbani, na anafanya kazi katika ofisi ya waajiriwa ya hospitali moja ya kibinafsi. Alinitazama juu hadi chini, akacheka. "Kijana, ati uko na digrii ya afya na unafungulia watu mlango? Jitokeze basi! Tuone kazi yako kundini, halafu nijue nitasema nini kwa wakubwa."

Nimetembea hadi kituo cha treni bila kuhisi miguu.

Jioni fursa imejileta yenyewe. Sauti iliyorekodiwa inazunguka kundini. Mwanamume wa sauti nzito anajiita daktari bila kutaja jina wala hospitali. Anadai kwamba sindano ya surua inawafunga kizazi watoto wa kike. Uongo mtupu. Lakini anaongea polepole, kwa huruma, kama mjomba.

Nimesoma majibu yote ya vijana wenzangu. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Mmoja kaweka uso unaolia. Mwingine kasema dadake alichanjwa na "hajashika mimba mpaka leo". Akaulizwa dadake ana umri gani. Darasa la sita. Kundi zima likacheka, na kicheko kikageuka kuwa mjadala wa mpira. Uongo ukabaki pale juu, haujaguswa.

Nitaujibu mimi.

Jumamosi, 6 Februari 2016

Nimefanya kazi bora kuliko zote tangu nihitimu. Nakiri nimejivunia.

Mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza nilirekodi sauti yangu fupi ya utangulizi: "Mabibi na mabwana, mimi ni Mutua, mhitimu wa afya ya jamii, nikiwa Dubai. Suala la chanjo ya surua ni zito. Nawasihi, hasa akina mama, msikilize kwa makini sauti ifuatayo hadi mwisho, kabla hamjampeleka mtoto yeyote kliniki." Kisha nikaweka ile sauti ya daktari wa uongo, ili kila mtu ajue ninajibu nini. Kisha nikaweka andiko langu: hoja nane, kila moja na maelezo yake, nikianza na jinsi chanjo inavyoufundisha mwili na kumalizia na wajibu wa raia.

Bwana Kiprono ameweka kidole gumba. Nimerudi kukitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja na kulinda naye jengo moja, alisoma kwa heshima mpaka hoja ya pili. "Professor, hii mambo ni ya maana sana. Lakini mutu ataisoma wapi? Kwa basi? Kwa basi tunalala."

Nilimwambia watu makini watasoma.

Jumanne, 9 Februari 2016

Majibu. Mmoja: "Bro, tuma summary." Mwingine: "Daktari wa geti amesema." Hilo limenichoma. Nimelisoma nikiwa kwenye basi, nimebanwa dirishani, na nikahisi kila mtu ameliona usoni pangu.

Lakini Mwende ameandika! "Nimesikia sauti yako. Nimeelewa. Usiwe na wasiwasi kuhusu Ndanu."

Sikuwa nimemtumia. Ina maana kazi yangu imesafiri yenyewe hadi Machakos. Nimefurahi mno, hata sikuuliza ameipata kwa nani. Nimemsomea Kato ujumbe huo. Kato akasema, "Sasa mama amekubali, wengine wa nini?" Kweli.

Naanza andiko la pili. Pepopunda.

Jumapili, 14 Februari 2016

Zamu nzima nimewaona watu wakiingia na maua kwa ajili ya wake zao na mahawara zao. Hata mawakala wa mizigo.

Jioni nimerudishiwa simu na kukuta sauti kutoka kwa Mwende. Ndanu anatamka "ba-ba-ba-ba". Mwende anacheka nyuma yake: "Baba Ndanu, unaitwa huku. Nikimwuliza baba yuko wapi, anaonyesha simu."

Nimeisikiliza chini ya blanketi ili wenzangu wasinione uso. Binti yangu anadhani mimi ni simu. Hajakosea sana.

Simu za bure za mtandaoni zimefungwa huku, na laini ya kawaida ni ghali, kwa hiyo mimi na mke wangu tunaishi kwa sauti za kutumiana. Nilikusudia kumtumia yangu leo. Nikaingia kundini kwanza nione kama andiko la pepopunda limesomwa. Nilipotoka taa zilikuwa zimezimwa na watu wamelala. Chumba cha watu sita hakina mahali pa kumwambia mkeo maneno ya mkeo.

Huo ni udhuru. Ningeweza kutoka nje.

Namtamani Mwende. Nataka kumwona akifunga kitambaa asubuhi, akiwa ameuma pini mdomoni, akinijibu kwa macho kwa sababu mdomo una kazi.

Jumatano, 17 Februari 2016

Mwende kaandika asubuhi, nimeona jioni. Mtoto wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ana surua. Macho mekundu, joto kali, vipele kuanzia usoni. Amelazwa hospitalini Machakos.

Mwende ameandika habari hii kama mtu anayeeleza msiba wa wengine. Mwishoni kaongeza: "Bahati yetu sisi hatukwenda kule kliniki, labda ndiko alikoupata."

Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya basi. Nimeisoma tena. Hatukwenda.

Nimeandika: Ndanu hajachanjwa? Nimeandika: Mwende, nijibu. Alama moja tu ya kijivu. Simu yake imezimika au hana umeme.

Sijala. Kato kaniwekea chapati kwenye sahani na kuifunika.

Alhamisi, 18 Februari 2016

Leo nimemwomba msimamizi anirudishie simu wakati wa chakula. Alikataa. "Khalas, Mutua, sheria ni sheria." Nilifungua mlango siku nzima bila kuona nani anapita.

Jibu la Mwende lilikuwa linaningoja jioni. "Si wewe mwenyewe ulitukataza?"

Na chini yake, kama ushahidi, amenirudishia kilichomfikia. Si nilichodhani kimemfikia. Sauti mbili. Ya kwanza ni mimi, mhitimu wa afya ya jamii, Dubai, nikiwasihi akina mama wasikilize kwa makini kabla hawajampeleka mtoto yeyote kliniki. Ya pili ni yule mjomba mwenye huruma na uongo wake.

Andiko halipo. Hoja zangu nane hazipo.

Nimekaa kwenye ngazi za nje za jengo la malazi, nikaelewa hatua kwa hatua. Sauti haibebi maandishi mgongoni. Kila moja ni ujumbe wake. Mtu anayesambaza huchagua anachotaka, na hakuna kijana duniani anayesambaza maandishi marefu wakati kuna sauti ya kusikiliza. Wakasambaza sauti mbili. Vijana wa Nyumbani wakawatumia dada zao, dada zao wakaweka kwenye kundi la akina mama wachanga wa kwetu. Zilipofika zilikuwa habari moja: Mutua wa Dubai amesema.

Wala yule mwongo sikumkaribisha tu. Nilimtambulisha. Nilimkopesha shahada yangu.

Nilisomea jinsi ugonjwa unavyoenea kutoka mtu hadi mtu.

Ijumaa, 19 Februari 2016

Sikwenda ibada. Nilinunua salio la kutosha, nikatembea hadi ukuta wa nyuma ambako kuna kivuli, nikampigia Mwende laini ya kawaida.

Nilianza vibaya. Nilianza na "kisayansi". Akanikata. "Baba Ndanu, usiniletee hiyo sauti ya mkutano. Ongea na mimi."

Nikamweleza. Kwamba yule mtu ni mwongo, kwamba nilikuwa namjibu, kwamba majibu yalibaki njiani. Nyuma yake nilisikia Ndanu akigonga kitu, sufuria pengine.

"Sasa niamini Mutua gani?" akasema. "Yule wa kwanza alikuwa na uhakika. Huyu wa leo anatetemeka."

Nilimwambia yeye mwenyewe alichanjwa surua utotoni, na amezaa. Hoja hiyo haikuwa hata miongoni mwa zile nane. Imenijia pale pale ukutani. Alisema wanasema ile ilikuwa ya zamani, ya sasa ni nyingine. Nani wanasema? "Hao. Kila mtu. Na wewe."

Halafu akasema jambo ambalo nitaliandika lilivyo, ili nisije nikalilainisha baadaye.

"Unajua nimeisikiliza mara ngapi? Kila usiku. Si kwa sababu ya chanjo. Ni kwa sababu ni wewe. Hujanitumia sauti tangu mwezi jana, Mutua. Nikaona hiyo ya kundi, nikasema, afadhali hii. Naweka kwa sikio, unaongea, unaisha, halafu huyo mtu mwingine anaanza na mimi tayari nasinzia. Nimelala na maneno yake kwa sababu yalikuwa yamekufuata."

Nikaibana simu sikioni.

"Na watu husema mimi ni mbishi," akaongeza. "Sikubisha. Hii moja nilikutii."

Salio likaisha Ndanu akiwa bado anagonga.

Jumamosi, 20 Februari 2016

Nimeandika kundini. Mistari mitatu, bila hoja, bila hitimisho. Kwamba sauti iliyotangulizwa na sauti yangu ni ya uongo. Kwamba kosa la mpangilio ni langu. Kwamba wamtume dada, mke, shemeji, yeyote mwenye mtoto, aende kliniki.

Vijana wamenipokea kama nilivyotarajia. "Msomi, si ulisema tusikilize hadi mwisho? Tulisikiliza!" "Daktari wa geti amebadilisha dawa." "Ukweli ukitoka, serikali inakushika. Mutua wamemshika huyo, haandiki yeye." Huyo wa mwisho alipata vicheko vingi kuliko wote, na kuna waliomwamini. Hilo ndilo linalonitisha. Sahihisho langu nalo limekuwa ushahidi wa uongo.

Ninaanza kuona jinsi mazungumzo haya yanavyokwenda. Tunajadili chanjo kama tunavyojadili mpira: unashikilia timu yako. Kinachopimwa ni nani kakichekesha kikao, na nani kasema kwanza. Mimi nilisema kwanza.

Bwana Kiprono aliniandikia pembeni. "Ungenyamaza, ingepita yenyewe. Sasa nikupelekeje kwa wakubwa na umejitangaza umekosea?" Nilimjibu kwa adabu kwamba binti yangu hajachanjwa na surua iko nyumba ya tatu. Ameona. Hajajibu.

Nilitaka sana ile kazi. Bado naitaka. Naona haya kwamba bado naitaka.

Mtoto wa jirani yuko hai. Bado amelazwa.

Jumapili, 21 Februari 2016

Baada ya zamu nilimpigia Sista Kavata, muuguzi wa zahanati ya kwetu. Nambari yake nilipewa na mama yangu, ambaye pia hakukosa la kuniambia.

Nilijitambulisha kwa jina tu. Nilishaacha kujiongezea shahada.

"Ndiye wewe? Yule wa Dubai?" akasema. "Ngoja nikae." Nikasikia kiti. "Kijana, nakujua sauti kuliko mume wangu. Kila mama nikimwuliza mbona hujaleta mtoto, hanijibu. Anatoa simu ananichezea wewe. Mabibi na mabwana! Hapa kazini ndivyo tunavyosalimiana siku hizi."

Nilicheka. Kisha nikalia, kimya, nikitumaini laini mbovu itanificha. Haikunificha. Alisubiri.

Nilimwambia nitarekodi sauti nyingine, iliyo wazi, yeye aisambaze. Akakataa papo hapo. "Usinitumie sauti nyingine! Umeshatuma ya kutosha. Hao wasichana wana maswali, na sauti hainyamazi ikaulizwa. Mimi wakiniuliza wanasema nimelipwa. Wewe ndiye wanakutaka. Basi njoo ukae hapa waulize." Nilimkumbusha niko wapi. "Njoo kwa simu. Ile ya kweli, ya kupiga. Nitaiweka kwa meza, sauti juu, na kila mmoja akuulize anachotaka. Ukishindwa swali, sema umeshindwa, mimi nipo."

Nikauliza kama watakuja. Alisema wengine watakuja kwa udaku tu, kumsikia mume wa Mwende akijieleza. "Wacha waje na udaku. Watoto watakuwa mgongoni."

Kwa mke wangu hakutaka kunisaidia. "Huyo mwalike mwenyewe. Si mimi niliyemwoa."

Jumatatu, 22 Februari 2016

Nilitoka nje ya geti la malazi jioni hii, nikapita mabasi yaliyoegeshwa hadi kelele zikapungua, nikamrekodia Mwende. Sauti iliyo yake peke yake. Sikuandaa. Nilimwambia kuhusu pini mdomoni. Nilimwambia kwamba kuna siku nasahau sura yake kwa dakika nzima, na inanibidi nianzie kwenye sikio. Kwamba niliogopa kumwambia haya kwa sababu nilitaka anione nikiendelea mbele, si nikisimama mlangoni. Chanjo niliitaja mwishoni, kama swali: atakuja zahanati, aniulize mbele ya wenzake?

Sijawahi kutuma kitu kibaya hivyo kwa mpangilio. Nilirudia sentensi. Basi moja liliwasha injini katikati.

Alama mbili za buluu zimetokea kabla sijafika getini. Hakuna jibu.

Kato amekubali tubadilishane zamu ya Alhamisi, siku ya simu ya zahanati. "Mimi nitashika mulango, wewe shika simu. Lakini professor, usiwaambie hoja nane." Msimamizi naye amekubali, baada ya kumwomba kwa heshima na kumwambia ni ya mtoto. Ana wa kwake, kwao Kerala. Alisema inshallah na akaandika jina la Kato badala ya langu.

Jumanne, 23 Februari 2016

Siku tulivu. Meli chache, mizigo michache, mlango mchache.

Mama kaandika kwamba mtoto wa jirani ameanza kunyonya tena. Wengine wawili wa upande wa mtoni wana joto. Ndanu hana kitu. Hana kitu leo.

Mwende amejibu jioni, kwa sauti. Nimeisikiliza nikiwa nimesimama, sikutaka kuketi kwanza.

"Baba Ndanu. Nimekusikia. Nimekusikia wewe, si yule wa kundi. Nitakuja. Usifurahi haraka, sijasema atadungwa. Nitakuja nikuulize mbele ya watu, na nitakuuliza maswali magumu, na ukianza kuongea kama redio nitabeba mtoto wangu niende. Lakini nitakuja naye. Nimemfulia ile nguo ya manjano."

Kisha pumzi ya mtoto aliyelala, karibu sana na simu. Ameiweka karibu makusudi.

Nimeisikiliza mara mbili tu. Mara ya tatu nimeiweka kwa ajili ya kesho.

Sijaandaa hoja. Nimeandika tu maswali ambayo ningeuliza mimi kama ningekuwa na miaka ishirini na miwili, na mtoto mgongoni, na mume ninayemjua kwa sikio. Mawili sina majibu yake. Nitasema sina.

Kikao cha maswali ni keshokutwa, Alhamisi, saa tatu asubuhi kwa saa za nyumbani, katika chumba cha kungojea cha zahanati. Huku itakuwa saa nne.